Profesa wa Uriri na Maneno ya Mjane

Ukimtumia Profesa kichekesho kwenye simu, ilikubidi ukae tayari kupigiwa. Hakupiga ili acheke. Alipiga kuuliza: "Mwalimu, ile ya mchungaji na punda, ni yako ama umetumiwa? Na kama umetumiwa, aliyekutumia amekubali iende mbele?" Mimi nafundisha Kiswahili shule ya sekondari, nina madaftari ya kusahihisha yaliyojaa meza nzima, na hapo nimeshika mwiko, ugali unaungua. Nikamwambia punda hana wakili. Akauliza kwa upole, "Na mchungaji je?"

Tumekuwa majirani hapa Uriri kwa miaka mingi, ua wa michongoma ukiwa katikati yetu. Kazi yake ilikuwa falsafa, katika tawi la chuo kikuu kule Homa Bay, na ndani ya falsafa alijichagulia kipengele ambacho nilishindwa kumweleza mama yangu. Alishughulikia haki za watu ambao maneno yao huchukuliwa mtandaoni na watafiti, na jinsi watu wa mila mbalimbali wanavyoelewana au kukosa kuelewana. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Kwa hivyo anafundisha watu wasiwe na umbea?" Nilipompelekea Profesa swali hilo alifurahi wiki nzima. Akasema hajawahi kusikia muhtasari bora wa kazi yake, akaenda kuutumia darasani, baada ya kumwomba mama ruhusa, bila shaka.

Uprofesa wenyewe tulimpa sisi majirani. Chuoni alikuwa daktari tu, akikingoja cheo hicho kama mkulima anavyongoja mvua. Mwanzoni alitusahihisha, "Mimi si profesa, ni daktari," mpaka siku mzee mmoja alipomletea mbuzi aliyevimba tumbo. Tangu hapo akakubali kuitwa Profesa.

Sasa mtu huyuhuyu, aliyetafuta ruhusa ya kumsambaza punda, aliingia jikoni kwangu bila hodi na kufunua sufuria. "Leo ni mboga gani?" anauliza, na kifuniko tayari kiko mkononi. Siku moja nikamuuliza ridhaa ya sufuria iko wapi. Akasema, "Harufu imetoka nje yenyewe, Mwalimu. Imejitangaza." Nikamwambia hiyo ndiyo hoja ya wale watafiti anaogombana nao kila siku, kwamba kilichoko hadharani ni cha kila mtu. Alisimama pale, kifuniko kikidondosha maji miguuni pake, akafikiri kwa dhati kabisa. "Umenishinda," akasema. Halafu akachukua kijiko. Kwa sababu ya sufuria hizo, mimi sikumwomba ruhusa ya kuandika habari zake. Tumelipana.

Alikuwa Msabato wa kweli. Ijumaa jua likizama simu ilizimwa, hata kama Ulaya nzima ilikuwa inamtafuta, na ilikuwa inamtafuta, maana huko alikuwa na jina kuliko hapa. Wenzake wa huko walimpigia kwa video kujadiliana naye. Niliwahi kukaa kando nikisikiliza, nikashuhudia wanavyomsumbua kwa kutojua tabia yake. Wakimuuliza swali, alinyamaza. Kunyamaza kwake kulikuwa kurefu, mtu angeweza kwenda kuchota maji akarudi. Basi wale wakaanza kupiga kelele kwamba mtandao umekatika, wanapunga mikono mbele ya kamera, na yeye yuko palepale anawatazama. Mwishowe akawaambia, "Niko. Mmeniuliza swali zuri, sasa mnataka nilijibu vibaya?"

Mwaka mmoja alinialika chuoni nizungumze na wanafunzi wake kuhusu tafsiri. Nilizungumza, wakasinzia kwa adabu. Kisha akasimama yeye. Kijana mmoja wa nyuma akamwambia, "Lakini Prof, hiyo group iko open. Mtu yeyote anaweza kujoin. Si hiyo ni public?"

"Kwenu kukiwa na matanga, geti inafungwa?"

"Hapana, Prof. Watu wanaingia tu."

"Wanakula?"

"Wanakula sana." Darasa likacheka.

"Sasa mimi niingie, nikule, nirekodi vile mama yako analia, halafu niende nichezee watu hiyo sauti Nairobi. Utasema ni sawa, geti ilikuwa wazi?"

Kijana akacheka kwa aibu. Profesa naye hakumkazia macho, akageukia ubao akasema mlango wazi ni wa kuingilia, si wa kubebea viti. Niliona wote wanaandika, hata wale niliokuwa nimewalaza usingizi.

Hadithi aliyopenda kuisimulia ni ya kisiwa cha Remba. Alikwenda huko na mtafiti mgeni kutoka Ulaya, mama mpole aliyekuja na karatasi za ridhaa ili kila atakayehojiwa atie sahihi. Kisiwa kizima kikapanga foleni. Wanawake waliacha omena, wale dagaa wa ziwani, kwenye nyavu za kuanikia, wavuvi wakaacha mashua, kila mtu anataka kalamu. Mgeni alikaribia kulia kwa furaha. Hakujua kwamba kwetu anayetia sahihi hupewa chandarua, na kwamba mzee mmoja alikuwa amerudi mara ya pili kumtilia sahihi mkewe aliyekuwa ng'ambo ya ziwa. Profesa akamshauri azifungie karatasi zote, warudi kesho mikono mitupu waulize upya. Waliokubali siku ya pili walikuwa wachache, lakini walijua wanakubali nini. "Sawa ya kwanza ni ya heshima kwa mgeni," alizoea kusema. "Sawa ya pili ndiyo ya mwenye maneno."

Na hakuwa mtu wa kusema uongo. Nasema hivi bila kumpamba, kwa maana ukweli wake ulituchosha. Watu waliacha kumpa kipaza sauti mazishini. Kwenye mazishi ya mzee mmoja wa hapa kijijini, baada ya watu kumi kumlilia marehemu kama malaika, Profesa alisimama akasema, "Marehemu alikuwa mkali, na watoto wa jirani hakuwapenda. Lakini kisima alichochimba kina maji matamu, na hakuwahi kumnyima mtu." Waombolezaji wakaguna. Mke wake Profesa akamvuta koti aketi. Lakini nilimwona mjane wa yule mzee anatabasamu ndani ya leso, mara ya kwanza tangu msiba uanze. Nilimuuliza Profesa kama hakuna uongo mdogo wa kumstiri mtu. Akaniambia uongo ni kama siafu, hakuna anayeingia peke yake.

Kwa hiyo yaliyotokea baadaye yalitushangaza sote.

Makala iliyompa jina ng'ambo ilihusu kundi la simu la wajane wa mwambao wa ziwa. Wenyewe walimkaribisha. Humo walifarijiana, walitaniana, na waliongea wasiyoweza kuyatamka nyumbani. Mmoja wao alikuwa mama muuza omena, mumewe alikufa maji. Katika boma la mumewe ilikuwa inasubiriwa arithiwe na shemeji yake, kama desturi, na yeye alikuwa akiwajibu kwa upole kwamba wangoje kwanza ukumbusho upite. Kundini hakuwa mpole. Aliandika: "Aliyelala ziwani samaki wakamwamsha hawezi kufuatwa na mtu anayeogopa maji. Mimi sirithiwi." Wenzake walicheka siku nzima. Profesa alimwomba ayatumie maneno hayo bila jina. Akakubali. Kesho yake akaombwa tena, akakubali tena.

Hapa lazima nieleze. Kwa Waluo mtu ana jina, na ana sifa. Sifa hiyo hujivika mwenyewe karamuni au huvikwa na wenzake, desturi wanaiita pakruok, na ikishamkaa inamfuata hadi kaburini. Profesa aliondoa jina la mama, akaondoa kisiwa, umri, soko na idadi ya watoto. Sifa ya marehemu, ile ya aliyelala ziwani samaki wakamwamsha, akaiacha. Baadaye mama huyo alipomuuliza kwa nini, alimwambia, "Nilitoa kila kitu. Nilipofika kwa sifa, mkono ulikataa. Marehemu ataingia aje mbele za watu bila sifa yake?" Mtafiti mgeni angeifuta bila kufikiri. Ni mtu wa kwetu tu anayeweza kuikosea siri kwa ajili ya kumheshimu maiti. (Sifa niliyoiandika hapa si ile yenyewe. Nimeibuni, na mengine nimeyageuza. Usijisumbue kutafuta.)

Katika ukoo huo kulikuwa na kijana anayesoma chuoni kwa Profesa. Alikuta makala mtandaoni, akaiona sifa ya ami yake, akaruka kwa furaha. Hakuwa na nia mbaya hata chembe. Akaituma kwenye kundi la familia: "Anko wetu ameingia kwa vitabu!" Familia ikashangilia. Wakamwomba awatafsirie na mistari inayofuata, wakafika kwenye "Mimi sirithiwi."

Basi mama wa omena akawa mashakani. Kama maneno ni yake, amemtukana shemeji mbele ya dunia, na amedanganya boma kwa miezi. Wazee walianza kusema mke wa namna hiyo arudi kwao, aache nyumba, na shamba alilolilima tangu aolewe. Alimpigia Profesa simu akimwambia jambo moja tu: "Japuonj, waambie si mimi."

Japuonj ni mwalimu. Alimwita hivyo, na alikuwa anamwomba mwalimu wa maadili adanganye.

Profesa alikwenda kwenye boma lile peke yake. Waliketi chini ya paa la baraza, shemeji, wazee wawili, kijana na simu yake, na mama mwenyewe kando, macho chini. Shemeji alizungumza kwa utaratibu. "Prof, sisi si watu wa vita. Tuambie tu. Haya maneno ni ya huyu mama?"

Profesa alivua miwani. Mama wa omena anasema Profesa alinyamaza mpaka kuku wakaingia barazani wakatoka, na yeye moyoni akawa ameshaanza kufunga mizigo.

"Si yake," Profesa akasema. "Si ya mtu yeyote. Niliyatunga."

Kijana akashtuka. "Uliyatunga? Prof, kwa research? Si hiyo ni makosa?"

"Ni makosa makubwa."

"Na hiyo sifa ya anko?"

"Niliisikia ikitajwa mazishini, ikanipendeza. Nikaichukua bila kuwauliza. Kwa hilo nimekuja kuomba msamaha."

Shemeji alicheka kwa nafuu, akawageukia wazee. "Si niliwaambia? Mke wa ndugu yangu hawezi kusema naogopa maji." Wakamletea Profesa soda. Mama wa omena ndiye aliyeifungua chupa, na anasema nusu ya soda ilimwagika chini.

Mambo yangeishia hapo kama Profesa angekuwa mwalimu mbaya. Lakini kijana alikuwa amefundishwa vizuri. Alikuwa amefundishwa, na Profesa mwenyewe, kwamba mtafiti anayebuni maneno ya watu anawaibia wote, na kwamba anayejua akanyamaza ni mshirika wake. Alikaa na jambo hilo moyoni, likamkosesha raha, mwishowe akalipeleka kwa wakubwa wa tawi. Profesa akaitwa. Wakamwambia jambo ni rahisi: awaonyeshe maneno yalivyoandikwa kundini, faraghani, na kesi imekwisha. Akasema hana cha kuonyesha. Wakamuuliza kama aliyatunga. Akawajibu kama alivyowajibu watu wa boma. Angesema kweli, kijana angeusikia ukweli chuoni leo, na boma lingeusikia kesho.

Makala ikaondolewa, ikawekwa ilani kwamba haiaminiki. Wale wenzake wa Ulaya waliozoea kupunga mikono kwenye kamera wakaacha kupiga. Cheo alichokuwa akikingojea hakikuja. Alistaafu mapema, tukaambiwa ni kwa hiari yake.

Sisi wa Uriri tulijua nusu hiyo tu. Katika chumba cha walimu waliniuliza, "Jirani yako kumbe ni msanii?" Mwalimu wa historia akasema mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Niliwaka. Sikuwaka kwa ajili yake, nilimwakia yeye. Nilimkasirikia jinsi unavyomkasirikia baba aliyekuchapa kwa kosa kisha ukamkuta analifanya. Miaka yote ile ya kunipigia simu juu ya punda, kumbe! Aliendelea kuja jikoni kwangu, lakini sasa alipiga hodi, na akangoja mlangoni. Hodi hiyo ndiyo iliyoniuma. Nilitamani afunue sufuria.

Kisha mwaka huu nilikuwa nikitoka semina ya walimu Homa Bay, nikashuka Rodi Kopany kununua omena. Mama aliyenipimia alinitazama sana, akaacha gorogoro, lile kopo la kupimia, juu ya fungu.

"Madam, wewe si ni wa Uriri? Mara moja nilikuona na Prof."

Nikasema ni jirani yangu.

"Anaendeleaje?"

"Analima njugu."

Alitazama huku na huku, akanivuta nyuma ya magunia. "Madam, yale maneno ni yangu," akasema. Akanieleza yote niliyoyaandika hapa. Nilisikiliza nimeshika mfuko mtupu, na machozi yalinitoka bila aibu, watu wakafikiri ni harufu ya samaki.

"Sasa niko sawa," akasema. "Shemeji alioa kwingine, mwaka wa pili sasa. Nyumba ni yangu, wazee wamekubali. Nilimwambia Prof niende chuo niseme ukweli. Akakataa. Anasema boma ni boma, na kijana bado ako huko. Mwambie mimi niko tayari. Mwambie arudishe jina yake, Madam. Mimi nikilala naona ile soda."

Nilimuuliza kama naweza kuandika habari hii siku moja, nikiibadilisha asitambulike. Akasema ndiyo. Wiki iliyofuata nilipita tena, nikauliza tena. Akacheka, akasema, "Kweli wewe ni jirani yake."

Nilimkuta Profesa nyuma ya nyumba mchana, ameketi anamenya njugu, mbele yake beseni mbili, moja ya njugu na moja ya maganda. Amezeeka haraka. Shati lilikuwa lilelile la kwenda chuoni, lakini mikono imekuwa ya mkulima, na imempendeza. Tulisalimiana. Aliniuliza habari za mama. Nikamwambia mama mzima, bado anasema hakuna kazi kama ya kukataza umbea. Akatabasamu kidogo.

"Nimepita Rodi," nikasema. "Nimezungumza na yule mama."

Vidole vyake havikusimama. "Mama yupi?"

"Profesa. Mama wa omena. Ameniambia yote. Anasema yuko tayari, uende chuoni, au aende yeye. Nyumba ameshaipata. Hakuna tena wa kumtoa."

Alinyamaza. Mimi najua kunyamaza kwake, kwa hiyo nilingoja. Nilidhani anatafuta pa kuanzia, na moyo wangu ulikuwa umejaa. Nilikuwa nimeshapanga nitakavyosimama chumba cha walimu asubuhi.

"Mwalimu," akasema, "hakuna mama. Niliyatunga."

Aliniangalia usoni aliposema hivyo. Hakuwa amezoea kudanganya, na hata baada ya miaka yote hiyo alikuwa hajajifunza. Masikio yalikuwa yamemwiva. Chini, bila yeye kujua, mikono yake ilikuwa inatupa njugu kwenye maganda na maganda kwenye njugu.

Nilitaka kumbishia. Nilitaka kumpigia kelele kwamba mimi si boma, mimi si chuo, mimi ni jirani yake. Lakini nikaona anaogopa, kweli anaogopa, kwamba nitalisema neno moja zaidi na itambidi aniambie uongo wa pili.

"Basi ulitunga vizuri, Profesa," nikamwambia, nikavuta kigoda, nikaanza kuokota njugu kwenye maganda.